Kumkinga mtoto mwenye ualbino asiungue na jua: mwongozo kwa mzazi anayeanza

Kila mtoto mwenye ualbino anapozaliwa kwenye familia inayonifahamu, swali la kwanza kunifikia ni hili: "Tumnunulie losheni gani?" Huuliza mama aliyetoka kujifungua, huuliza shangazi, na mwalimu wa chekechea naye atauliza baadaye. Mimi nami huwauliza: mtoto anakuwa nje saa ngapi? Anavaa nini? Kofia yake inafunika masikio? Losheni tutaifikia, ila yenyewe ni ya mwisho kwenye foleni.

Binti yangu ana ualbino na sasa ana miaka 11. Haya ninayoyaandika nimeyajifunza kwa kumlea, kwa kukaa kliniki za ngozi, na kwa makosa ambayo sitaki uyarudie. Nimeyaweka pamoja ili ukiwa na mtoto mgongoni usilazimike kuyaokoteza huku na huku.

Kwanza, kwa nini wekundu wa jioni moja usipuuzwe

Ngozi nyeusi ina rangi iitwayo melanini, na kazi yake kubwa ni kuzuia miale ya jua isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, isipenye ndani. Mtoto mwenye ualbino amezaliwa na melanini kidogo sana, au hana kabisa. Miale hiyo ikimpiga inafika moja kwa moja kwenye seli za ngozi na kuharibu vinasaba vyake. Ule wekundu unaouona jioni ni seli nyingi zimeumia kwa pamoja. Baada ya siku kadhaa ngozi inabanduka, inaonekana mpya, na nyumba nzima inasahau.

Seli nyingi zilizoumia hufa au hujitengeneza. Chache hubaki na kasoro. Akiungua tena, kasoro nyingine inaongezeka juu ya ile ya zamani, mpaka seli moja inaanza kuzaana bila kujizuia. Hapo ndipo saratani ya ngozi inapoanzia. Tena haihitaji malengelenge: hata jua la kila siku ambalo halikumwacha na wekundu linaongeza kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana wapo watu wenye ualbino wanaopata saratani wakiwa bado kwenye miaka ya ishirini au thelathini, mara nyingi usoni, masikioni, shingoni na kwenye mdomo wa chini.

Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, wakati Ulaya na Marekani Kaskazini ni kama 1 kwa 17,000 hadi 20,000. Kwa hiyo hauko peke yako, na njia za kujikinga zimeshajaribiwa hapa hapa kwetu, kwenye jua hili hili.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kofia ya pama yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi, uzunguke pande zote.
- Mashati 2 au 3 ya mikono mirefu, na suruali au sketi ndefu za kitambaa kilichoshonana.
- Losheni ya kuzuia jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kuzuia jua) 30 au zaidi, na iwe imeandikwa kwamba inazuia UVA pia, yaani ile miale ya urujuanimno inayopenya ndani zaidi ya ngozi.
- Mafuta ya midomo yenye SPF.
- Miwani ya jua inayozuia miale ya urujuanimno, maana macho yake nayo yanaumia na mwanga.
- Mwavuli, au khanga nzito ya kumfunika ukiwa umembeba.
- Simu ya kupiga picha, au daftari, kwa ajili ya ukaguzi wa ngozi.

Kama hela inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua kofia. Ikibaki, nenda mitumbani ukatafute mashati. Losheni inaisha baada ya wiki chache. Shati la jeans jepesi linamkinga mwaka mzima, na likimbana linarithiwa na mdogo wake.

Hatua kwa hatua

1. Panga upya saa zake za kuwa nje.

Jua kali zaidi ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Huku kwetu karibu na ikweta, saa za mchana linakaa karibu na utosi, na miale haina safari ndefu angani ya kuipunguza nguvu. Kazi na michezo ya nje iwe mapema asubuhi au jioni. Kutumwa dukani, kuchota maji, kuanua nguo: vyote vinaweza kusogezwa.

Mtoto mdogo hajui kusoma saa, basi mfundishe kivuli. Asimame, aangalie kivuli chake. Kikiwa kirefu kuliko yeye, anaweza kucheza akiwa amevaa vizuri. Kikiwa kifupi kuliko yeye, aingie ndani au chini ya mti. Binti yangu alilijua hili kabla hajaanza darasa la kwanza, na alikuwa anawakumbusha wenzake kwamba muda wa kuingia ndani umefika.

*Kosa linalofanywa sana:* kupima jua kwa joto. Siku ya mawingu na ubaridi, mzazi anaacha kofia nyumbani. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo alipokuwa na miaka 4. Tulikwenda kwenye sherehe ya ndugu, mawingu yametanda toka asubuhi, kuna upepo wa baridi, nikaona hakuna shida. Usiku ule mabega yake yalikuwa mekundu kama nyanya, na alilala kifudifudi siku tatu. Mawingu mepesi yanapitisha sehemu kubwa ya miale. Na kwenye nyanda za juu kama Njombe, Mbeya au Lushoto, ambako watu wanavaa masweta, miale ina nguvu zaidi kuliko pwani, kwa sababu inaongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000.

2. Mvishe.

Mikono mirefu hadi kwenye kifundo, kola inayofunika shingo, suruali au sketi inayoshuka chini ya magoti na soksi. Kupima kama kitambaa kinafaa, kiinue mbele ya dirisha lenye mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, hakifai. Rangi nzito huzuia miale kuliko nyeupe, na kitambaa kilicholowa huzuia kidogo kuliko kikavu, kwa hiyo fulana nyeupe iliyolowa maji ya bahari ni karibu sawa na kutovaa.

Najua utasema atasikia joto. Chagua pamba, na ikate pana ili hewa ipite.

3. Kofia, na iwe pama kweli.

Kapelo inakinga paji la uso na pua kidogo. Masikio na shingo ya nyuma vinabaki wazi, na hizo ni sehemu ambazo madaktari wa ngozi hukuta vidonda mara kwa mara. Ukishapata pama, ishonee uzi wa kufunga kidevuni, maana upepo wa mapumziko ya saa 4 ndio adui yake.

4. Sasa losheni.

a) Paka dakika 20 hivi kabla hajatoka, si akiwa tayari mlangoni.

b) Kipimo kwa mtu mzima ni kijiko kimoja cha chai kwa uso, masikio na shingo, kijiko kimoja kwa kila mkono, na vijiko viwili kwa kila mguu. Mtoto wa darasa la kwanza anahitaji kama nusu ya hapo. Karibu kila mzazi ninayemwona anapaka robo ya kinachotakiwa kwa sababu chupa ni ghali. Namwelewa. Ila SPF 30 iliyopakwa kwa kubana haifanyi kazi ya SPF 30. Hapa ndipo utaona faida ya hatua ya 2: mtoto aliyevaa nguo ndefu anahitaji losheni usoni, masikioni, shingoni, viganja upande wa juu, na miguuni kama kavaa kandambili. Chupa inadumu, na kila sehemu inapata kipimo chake.

c) Usisahau nyuma ya masikio, mstari wa nywele, na juu ya nyayo. Midomo ipate mafuta yake.

d) Rudia kila baada ya saa 2 akiwa nje, na kila akitokwa jasho jingi, akiogelea au akinawa uso.

e) Ihifadhi mahali pa baridi. Kabatini chini ya bati linalochemka, au kwenye dashibodi ya gari, inaharibika kabla ya tarehe yake.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hapakwi losheni mwili mzima. Kinga yake ni kivuli, nguo na kofia. Ulizia kliniki kuhusu sehemu ndogo zisizofunikika.

Losheni ya Kilisun inatengenezwa Moshi, mahususi kwa watu wenye ualbino, na hutolewa kwenye kliniki zao. Ulizia kama inafika wilayani kwako kabla ya kwenda duka la dawa. Kwa walio Kenya, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kutoa losheni bure, lakini sharti mtoto awe amesajiliwa.

*Onyo:* mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na mafuta ya watoto hayazuii jua. Yanang'arisha ngozi tu. Na usikubali kabisa mtu akuuzie krimu ya "kulainisha rangi" au mkorogo kwa ajili ya mtoto huyu. Vitu hivyo vinaiharibu zaidi ngozi ambayo tayari haina kinga.

5. Nenda shule kabla ya siku ya kwanza.

Usiandike barua peke yake. Nenda, ukae na mkuu wa shule pamoja na mwalimu wa darasa, na uwaombe mambo haya kwa majina:

- avae mikono mirefu na kofia pamoja na sare, hata mstarini;
- akae mbele karibu na ubao, upande ambao jua la dirisha halimfikii;
- zamu yake ya usafi iwe ndani ya darasa, au nje kabla ya saa 3;
- kipindi cha michezo cha mchana awe kivulini;
- asiadhibiwe kwa kupigishwa magoti au kusimamishwa juani, kwa kosa lolote.

Hilo la mwisho lisemwe wazi. Walimu wengi hawana nia mbaya. Wanadhani nusu saa ni kidogo. Kwa mtoto wako, nusu saa ya saa 7 mchana inatosha kumbabua. Mwachie mwalimu kikopo kidogo cha losheni, na mfundishe mtoto kujipaka mwenyewe wakati wa mapumziko, kwa sababu mwalimu ana wanafunzi 80.

6. Kagua ngozi yake mara moja kwa mwezi.

Chagua tarehe ambayo hutaisahau. Mchana, karibu na dirisha, anza utosini: panga nywele fungu kwa fungu, kisha uso, nyuma ya masikio, mdomo wa chini, shingo, mabega, mikono, viganja, miguu. Unatafuta:

- kibaka kikavu chenye magamba, kinachokwaruza kama msasa ukipitisha kidole;
- kidonda kisichopona kwa wiki 4, au kinachopona kisha kinafunguka tena;
- uvimbe unaokua, au kinyama kigumu kinachochomoza kama kipembe;
- mpasuko wa mdomo usiofunga;
- sehemu inayotoa damu kwa kuguswa kidogo.

Ukiona chochote, weka sarafu pembeni yake na upige picha. Mwezi ujao utajua kimekua au la. Lakini kidonda cha wiki 4 hakisubiri mwezi ujao.

7. Kliniki ya ngozi kila baada ya miezi 6, hata kama huoni kitu.

Daktari wa ngozi anaona usichokiona. Vile vibaka vya magamba, kwa mfano, bado si saratani; vikikutwa mapema vinagandishwa kwa nitrojeni ya baridi kali au kupakwa dawa maalumu, na mtoto anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Uvimbe mdogo unakatwa kwa ganzi. Kinachoua ni kuchelewa, mpaka kidonda kimekula hadi kwenye mfupa au kimefika kwenye tezi za shingo.

Anzia zahanati au kituo cha afya upate rufaa ya hospitali ya mkoa. Hospitali ya KCMC ya Moshi ina kituo kikubwa cha magonjwa ya ngozi, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam kwa wanaohitaji matibabu ya saratani. Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania, TAS, kilichoanzishwa mwaka 1978, kina matawi mikoani. Uliza tawi lako ratiba ya kliniki zinazotembea, kwa sababu mara nyingine zinakuja karibu kuliko unavyofikiri.

Akiungua tayari

Mtoe juani mara moja. Mwogeshe maji ya baridi ya kawaida, au mfunike kitambaa safi kilicholowa, dakika 10 hadi 15, kisha urudie. Mpe maji ya kunywa mara kwa mara. Maumivu yakizidi, parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Asirudi juani mpaka wekundu na maumivu viishe kabisa.

Usipake dawa ya meno, asali, majivu wala mafuta ya kupikia. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Malengelenge usiyapasue, maana ngozi ile ndiyo bandeji yake. Mpeleke hospitali kama malengelenge yameenea, ana homa, anatapika, amelegea, au ni mtoto mchanga.

Halafu, akishatulia, andika kwenye daftari: siku gani, saa ngapi, alivaa nini. Sisi tulipoandika tuligundua kwamba karibu kila mara aliungua kwenye sherehe na misiba, yaani pale ambapo watu wazima wana shughuli na watoto wanajiangalia wenyewe. Tangu hapo, kwenye kila shughuli kuna mtu mmoja aliyetajwa kwa jina wa kumwangalia yeye.

Mambo yakigoma

*Losheni inamwasha macho.* Acha sehemu ya upana wa kidole kuzunguka jicho bila losheni na utegemee kofia na miwani hapo. Jaribu yenye zinki. Wengi haiwawashi sana.

*Anavua kofia kila ukigeuka.* Achague rangi mwenyewe. Na wavae kofia ndugu zake wote ndani ya nyumba. Anachokataa mara nyingi ni kuwa tofauti, kofia yenyewe haina tatizo.

*Losheni imeisha na hela hamna.* Rudi kwenye saa, nguo, kofia na mwavuli, na uvibane zaidi mpaka ipatikane. Kuna watu wazima wenye ngozi safi waliokulia mahali ambapo losheni haikuwahi kufika, kwa kuishi na kivuli tu.

*Ametokwa na madoa ya kahawia usoni na mikononi.* Kwa watu wengi wenye ualbino hapa kwetu haya hutokea, na yenyewe si saratani. Yanakuambia tu kwamba sehemu ile inapata jua kuliko ulivyodhani. Mwonyeshe daktari safari ijayo, na urefushe mkono wa shati.

*Bibi anasema mtoto mchanga aanikwe jua la asubuhi apate nguvu ya mifupa.* Shauri la bibi ni zuri kwa watoto wengine. Huyu usimvue nguo na kumwanika. Mwambie muuguzi wa kliniki ya mtoto wasiwasi wenu ili mzungumze kuhusu matone ya vitamini D, na bibi awepo asikie mwenyewe. Nimeona hilo linapunguza mabishano nyumbani.

*Kidonda kimepakwa dawa mwezi mzima na hakijapona.* Acha kubadilisha dawa. Omba rufaa, na ukifika uulize kwa sauti: "Je, kinaweza kukatwa kipande kikapimwe?" Kipimo hicho ndicho kinachotofautisha saratani na kidonda cha kawaida. Kwa macho, hata daktari mzoefu anaweza kukosea.

*Na ndugu zake wenye ngozi nyeusi?* Melanini yao inawakinga sana, na saratani ya ngozi itokanayo na jua kwao ni nadra. Ila iko saratani nyingine ya ngozi inayowapata watu weusi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, ambayo haina uhusiano na jua. Siku ya ukaguzi, waambie nao wainue nyayo. Doa jeusi linalopanuka au mstari mweusi mpya kwenye kucha moja uonwe na daktari.

*"Mimi mwenyewe nina ualbino, nina miaka 35, nimelima juani maisha yangu yote. Si nimeshachelewa?"* Hujachelewa. Lakini kwako mpangilio unageuka: anza na hatua ya 7. Nenda ukakaguliwe mwili mzima kwanza, wakutoe vibaka vilivyopo, kisha ndio urudi hatua ya 1. Ukirudi shambani, ingia alfajiri na utoke saa 3, rudi baada ya saa 10, na ile palizi ya mchana mpe mtu mwingine au muibadilishane na kazi ya kivulini kama kupukuchua mahindi au kuchambua maharage.